Chipu haijui baba yako ni nani

Kila msimu wa Umra ukikaribia, barazani Ngamiani, hapa Tanga, na kwenye magrupu ya WhatsApp linarudi swali lile lile, tena linaulizwa kama hoja ya kumaliza ubishi: "Pasipoti siku hizi ina chipu, haighushiki. Sasa cheti cha kuzaliwa cha mama yangu Uhamiaji wanakitakia nini?" Likishaulizwa linazaa la pili: foleni ya pasipoti ipo kwa sababu wanaprinti taratibu, wangeongeza mashine mbili ingekwisha. Jamani. Hayo mawili ni kosa moja lenye vichwa viwili.

Chipu tuimalize upesi. Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa nchini Tanzania tarehe 31 Januari 2018. Chipu yake husomwa kwa umbali wa sentimita chache tu, kwa hiyo ile habari ya mtu kupita na begi stendi ya Kange akazoa taarifa za abiria wote, iacheni. Tena chipu haijibu mpaka mashine isome kwanza mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha, ile yenye alama 44 kila mmoja. Namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha muda ndizo zinazotengeneza ufunguo wa kuifungulia.

Mistari hiyo nayo ina kinga yake ya kizamani, na naipenda kuliko chipu kwa sababu unaweza kuikagua kwa kalamu. Chukua aliyezaliwa 12 Aprili 1985. Inaandikwa 850412. Zidisha tarakimu moja moja kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1: unapata 56, 15, 0, 28, 3 na 2. Jumla 104. Gawa kwa 10, inabaki 4, na hiyo 4 ndiyo inayofuata baada ya tarehe. Mjanja akigeuza 12 kuwa 13, jumla inakuwa 105, mashine inatafuta 5 na inakuta 4. Basi.

Ndani ya chipu kuna picha na taarifa zako, na juu yake kuna saini ya kidijitali ya nchi iliyotoa. Ukigusa chochote, saini inakataa. Hapo ndipo "haighushiki" inapokuwa karibu na ukweli, kwa sharti kwamba anayekagua anaithibitisha hiyo saini badala ya kutazama jalada na kugonga muhuri. Machi 2014 abiria wawili walipanda ndege ya MH370, ile ya Malaysia iliyopotea, kwa pasipoti za wizi, moja ya Austria na nyingine ya Italia. Zote mbili zilikuwa tayari kwenye kanzidata ya Interpol, shirika la polisi wa kimataifa, ya hati zilizopotea na kuibwa. Hakuna aliyezitafuta humo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Saini ile inasema jambo moja: taarifa hizi ziliandikwa na serikali fulani na hazijaguswa tangu hapo. Haisemi kama zilikuwa kweli siku zilipoandikwa. Mtu akipeleka cheti cha mwenzake, akakubaliwa, akachukuliwa alama za vidole zake mwenyewe, atatoka na pasipoti halali kabisa, karatasi halali, saini halali, na uongo ndani yake unalindwa miaka 10 kwa teknolojia bora duniani. Machi 2009 Uingereza ilianza kuwadai viza raia wa Afrika Kusini, na sababu haikuwa vitabu vya bandia. Watu wasiostahili walikuwa wakipata vitabu vya kweli. Waliokuja kulipia ni Waafrika Kusini wote waliozipata zao kwa haki.

Ndiyo maana cheti cha mama kinatakiwa. Usalama wa pasipoti uko kwenye faili kabla ya kuwa kwenye kitabu.

Na hapa nitasema jambo ambalo vipeperushi havilisemi. Ukisoma kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya 1995 kwa macho makavu, utadhani kuzaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano baada ya 26 Aprili 1964 kunatosha, isipokuwa kwa wachache kama watoto wa wanadiplomasia. Dirishani haiendi hivyo. Desturi ni kutaka angalau mzazi mmoja awe raia, na wewe ndiye wa kuonyesha. Mimi sijawahi kuridhika na maelezo ya jinsi maandishi yale yalivyofika kwenye desturi hii. Lakini ukienda kubishana dirishani kwa kunukuu kifungu utarudi nyumbani na kifungu chako.

Kwa Tanga hili si jambo dogo. Wadigo wako Mkinga na wako Kwale, Kenya. Mtu ana shangazi Vanga na shamba Jasini, na kwa bibi yake mpaka wa Horohoro ulikuwa njia ya kwenda harusini. Mashamba ya mkonge nayo yaliletewa manamba kutoka Msumbiji, Burundi na kwingineko, na wajukuu wao leo hawajui kwao pengine zaidi ya Muheza na Korogwe. Hawa ndio ambao faili zao hukaa. Hawajaghushi chochote, ila babu aliingia nchini akiwa namba kwenye daftari la shamba, na daftari lenyewe limeliwa na mchwa.

Pasipo na cheti, watu hukimbilia hati ya kiapo. Inakubalika, lakini tusidanganyane juu ya uzito wake. Wakili anashuhudia kwamba umeapa, hashuhudii kwamba ulizaliwa. Hivyo mfumo huu wote wa chipu na saini unaegemea, kwa watu wengi, karatasi ya kurasa mbili yenye stempu, pamoja na mahojiano ambayo sehemu yake ni sikio la ofisa: unaongeaje, shule ya msingi ulisoma wapi, mjumbe wenu nani. Sikio hilo hukamata waongo. Huwasumbua pia wakweli wenye lafudhi, na sijui njia nzuri ya kupima lipi linatokea zaidi.

Turudi kwenye foleni. Mashine zina mchango, sikatai. Kenya mwaka 2023 walikwama kweli kwa printa mbovu na uhaba wa vitabu. Lakini ombi linalokawia hapa kwetu mara nyingi halijafika karibu na printa. Limekaa pembeni likisubiri majina yapatane. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani, kitambulisho cha taifa kinasema Athuman, cheti cha kidato cha nne kinasema Othman, na cheti cha mtoto kinamtaja baba kwa jina la utani. Barazani huyo ni mtu mmoja. Mezani ni watu wanne, na ofisa hana ruhusa ya kuchagua mmoja anayempenda.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata senti, tandaza karatasi zote mezani, chako, cha mzazi, kitambulisho, na usome jina herufi kwa herufi, kwa kidole, kama mtoto wa madrasa. Ukikuta tofauti, anzia kwenye shina. Cheti kinarekebishwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na kitambulisho NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kwa mpangilio huo, maana NIDA nao watakuuliza cheti. Ukianza na kitambulisho utazunguka mara mbili. Tarehe ya kuzaliwa ikague vilevile. Jina la katikati lililofupishwa kwa herufi moja ni kosa kamili, usilionee huruma. Vikishalingana ndipo ujaze fomu mtandaoni, ulipe 20,000 ya fomu kwa kontroli namba, na 130,000 iliyobaki baadaye. Vidole utakwenda navyo mwenyewe. Kishoka anayekwambia usijisumbue kufika, mwulize atakuwekea vidole vya nani.

Na wanaosema "wapunguze ukaguzi foleni iishe", hilo lilishajaribiwa. Uingereza, kiangazi cha 2014, karibu maombi nusu milioni yalikuwa yakisubiri, na zikavuja picha za chumba cha mikutano kilichosheheni mafaili. Wakubwa wakatoa mwongozo wa kulegeza baadhi ya ukaguzi kwa waombaji walio nje ya nchi. Nao ukavuja, na Theresa May, waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, akaufuta haraka. Baadaye, kwa sababu ya korona, zaidi ya watu milioni tano waliahirisha kuomba, na walipoanza kujitokeza muda wa kusubiri ulikuwa umeshasogezwa kutoka wiki 3 hadi wiki 10. Mlundikano huja kwa mawimbi, na wimbi huonekana kutoka mbali kama una kalenda.

La kwetu linaonekana. Pasipoti za zamani ziliondolewa Januari 2020, maana yake taifa zima la wasafiri lilibadilisha vitabu ndani ya miaka miwili. Miaka 10 ikitimia, vitabu vile vile vitaisha pamoja, 2028 hadi mwanzoni mwa 2030. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na miezi 6 mbele, hivyo kitabu cha Septemba 2018 kinakufa kiutumizi Machi 2028. Kafungue chako uangalie tarehe, na jina la baba yako ulisome tena.