Kuwaandikia Vijana Wakristo Riwaya za Unguja ya Kale

Mtu akiniuliza riwaya ya kihistoria kwa vijana Wakristo wa Zanzibar ianzie wapi, humpeleka Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe. Hapo palikuwa na soko la watumwa hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa ambalo Edward Steere, aliyepewa uaskofu mwaka uliofuata, alisimamia ujenzi wake. Ni rahisi kudhani kwamba kisa kimekwisha kujitunga: soko limefungwa, kanisa limesimama, wote wamekuwa huru na wote wameamini. Nimepokea miswada mingi ya namna hiyo kutoka kwa waandishi chipukizi, na mswada wangu wa kwanza ulikwenda njia hiyohiyo. Leo naamini kwamba hadithi ya aina hiyo humdhulumu msomaji kijana, kwa kuwa inamnyima kile anachokihitaji zaidi, yaani kumwona mtoto wa rika lake akiifikia imani hatua kwa hatua, kwa hofu na maswali yake mwenyewe.

Wachukuliwe wale wavulana watano ambao Sultani Majid alimpa Askofu William Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1864, baada ya kukamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Mwandishi mwenye haraka huruka kutoka jahazini hadi madhabahuni kwa sura moja, ilhali riwaya yenyewe imo katika miaka 15 iliyo kati. Mtoto huyo hakuchagua kuja misheni. Alitoka mkono wa mtu akatiwa mkononi mwa mwingine. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Watoto waliookolewa baharini zama hizo walikuwa wameambiwa mara nyingi kwamba Wazungu hula watu, kwa hiyo sahani ya kwanza ya wali aliyowekewa huenda aliiona kuwa ya kumnonesha. Mwandishi anayeogopa kuandika hofu hiyo, kwa kudhani kwamba itaitia doa Misheni, hataweza baadaye kuandika upendo uliokuja kuishinda.

Hatuna sababu ya kubuni hofu hizo kutoka hewani. Wanafunzi wa Kiungani, chuo cha Misheni hiyo, waliandika wenyewe habari za kutekwa kwao, na mwalimu wao A. C. Madan akazitafsiri na kuzichapisha mwaka 1887. Mwandishi yeyote wa fani hii anapaswa kusoma masimulizi ya aina hiyo kabla hajashika kalamu, khasa kwa ajili ya mambo madogo ambayo mtoto huyakumbuka na mtu mzima huyapuuza.

Mambo madogo ndiyo yanayonikosesha usingizi. Mswada mmoja ulimweka mhusika katika shamba la Unguja mwaka 1873, chini ya mikarafuu iliyoinama kwa mazao, wakati kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho na kuiacha Pemba ikiwa na nafuu kubwa. Mwingine ulimpitisha mhusika mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani, miaka kumi kabla ya jumba hilo kujengwa. Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni la Maandiko. Mtoto wa mwaka 1875 anasali, «Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu,» kwa maneno yaleyale tunayoyasoma leo, ambayo ni ya tafsiri iliyotoka mwaka 1952. Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ilipatikana mwaka 1891. Kabla ya hapo sehemu zake zilikuwa zikitoka kidogo kidogo, nyingine zikipangwa herufi na vijana wa Misheni katika kiwanda chao cha chapa, na ningependa sana kusoma riwaya ambayo mhusika wake anakutana na mstari wa Injili kwa mara ya kwanza akiwa anaupanga herufi moja moja za risasi, kinyumenyume, vidole vikiwa na wino.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa mbali huenda asilione. Kijana Mkristo wa Zanzibar hukaa dawati moja skulini na wenzake Waislamu, hula nao futari, na wakati wa msiba majirani hao ndio wa kwanza kufika. Riwaya inayomfanya kila mwenye kanzu kuwa katili inamfundisha kijana huyo kumchukia jirani kwa jina la historia, tena historia ya uongo. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi: wapagazi na watekaji wa bara, wakopeshaji wa mjini, wanunuzi wa pembe za ndovu kutoka Ulaya na Marekani, na katika karne ya 18 Wafaransa, ambao walikuwa Wakristo, waliwanunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Sultani Barghash huyohuyo ndiye aliyetoa saa ya mnara wa kanisa la Mkunazini. Ukweli wa utumwa hauhitaji kupunguzwa hata chembe ili mambo haya yaandikwe.

Vilevile, kufungwa kwa soko hakukuwafungua waliokuwa tayari mikononi mwa mabwana, kwani sheria iliendelea kuutambua utumwa hadi mwaka 1897. Mhusika wangu wa sasa ana dada aliyebaki shambani kwa bwana wake ilhali yeye anakaa Mbweni, kwenye ardhi ambayo Misheni iliinunua mwaka 1871 kwa ajili ya walioachwa huru. Kila Jumapili anaomba, na kila Jumapili dada bado hajaja. Mchapishaji mmoja aliniomba nimlete dada kabla ya sura ya mwisho, ili vijana wasivunjike moyo. Nilikataa, kwa sababu Zaburi zenyewe zimejaa watu wanaouliza «Hata lini?» na Kanisa halijawahi kuzifuta.

Kuhusu watu waliokuwapo kweli, kanuni yangu ni kali: mtoto nambuni mimi, lakini askofu simtilii maneno kinywani. Steere hupita kwa mbali katika kurasa zangu, akisahihisha karatasi za chapa au akivuka uwanja wa jengo.

Kabla ya kupeleka kitabu popote huwasomea vijana wa kipaimara huko Mbweni, karibu na kanisa la Mtakatifu Yohana, kisha twenda kwenye magofu ya skuli ya wasichana. Mwaka jana binti mmoja aliniuliza kwa nini mhusika hamtaji mama yake baada ya sura ya tatu. Nilikuwa nimemsahau mama huyo. Nilirudi nyumbani nikaiandika upya sura ya nne, na sasa kijana, anapofundishwa sala ya Baba Yetu, anaisema kwanza kwa Kiyao, polepole, akitafuta katika lugha ya mama yake neno moja moja ambalo ameanza kulisahau.