Mtandao wa kijamii wa darasa: maana yake, na usalama wake unatoka wapi

Mtandao wa kijamii wa darasa ni ule ambao wanaoingia ni mwalimu na wanafunzi wake tu, na pengine wazazi. Ndani yake mtoto ana jina lake, anaandika, anaweka picha ya kazi yake na kuwajibu wenzake, kama watu wazima wafanyavyo Facebook. Lakini mtu wa nje hawezi kubisha hodi, wala hajui kama darasa hilo lipo.

Mmoja uliojulikana sana ni Edmodo, ulioanzishwa Marekani mwaka 2008. Mwalimu alifungua darasa, akapewa msimbo, akawapa wanafunzi. Mtoto aliingia kwa msimbo huo bila kuhitaji baruapepe. Wanafunzi hawakuweza kutumiana ujumbe wa faragha. Waliandikia kundi zima au mwalimu. Hilo ni jambo kubwa, maana anayewawinda watoto mtandaoni humvuta mtoto pembeni, na hapa pembeni hapakuwepo.

Mitandao mingine ya namna hii humpa mwalimu nafasi ya kusoma kila chapisho kabla darasa halijaliona. Binafsi naona hapo ndipo penye faida kuliko mahali pengine popote. Chukua mtoto wa darasa la nne aliyeambiwa aandike juu ya mnyama anayempenda. Anaandika vizuri kuhusu paka wake, kisha anaongeza: "Nikitoka shule nacheza naye peke yangu mpaka mama arudi saa moja. Kwetu ni pale geti la bluu nyuma ya msikiti." Mwalimu analizuia chapisho, anamwita, wanalisoma pamoja. Anamuuliza: mtu asiyekujua akisoma hapa, atajua nini? Mtoto anataja mwenyewe, moja baada ya nyingine: nyumba, saa, peke yangu. Anazifuta kwa mkono wake, paka anabaki. Somo la namna hiyo halipatikani kwa kumnyang'anya mtoto simu.

Kuna mlango mwingine ambao walimu wengi hawaukagui: mwenye mtandao mwenyewe. Mwaka 2017 wadukuzi waliiba taarifa za akaunti zipatazo milioni 77 za Edmodo. Mtandao huo ulifungwa mwaka 2022, na Mei 2023 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikaishtaki kampuni hiyo kwamba ilikusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi na kuzitumia kwa matangazo, huku mzigo wa kutafuta idhini ikiwatwisha walimu. Faini ilikuwa dola milioni 6. Sheria iliyotumika ni ya mwaka 1998, inayodai idhini ya mzazi kwa mtoto aliye chini ya miaka 13. Ndiyo sababu mitandao mingi imeweka umri huohuo wa kujiunga.

Kwetu, "darasa la mtandaoni" mara nyingi ni grupu la WhatsApp. Ni rahisi na halina gharama kubwa, lakini tusiliite mtandao salama wa darasa. Kwa kawaida namba ya kila mmoja inaonwa na wote, yeyote aliyemo anaweza kumfuata mtoto inbox, na picha ikishatumwa, hata mwalimu akiifuta, huenda wengine wameshaihifadhi kwenye simu zao.

Kwa upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022. Septemba 2023 shule moja ya Kenya ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4.5 za huko kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Kwa hiyo fomu ya mzazi iwe imeshasainiwa kabla mwalimu hajabonyeza "nakubali", na ieleze wazi ni mtandao gani, nani ataona kazi ya mtoto, na akaunti yake itafutwa lini.