Kukalika si kukaliwa: maana ya ukanda unaokalika katika elimu ya sayari

Mtu aliyepanga chumba kinachovuja kila mvua, ukuta kwa ukuta na baa, hukawii kumsikia akisema: "Pale hapakaliki." Hamaanishi kwamba hakuna watu, pengine wapangaji wamejaa hadi uani. Anamaanisha kwamba hali ya mahali hapo haimruhusu mtu kukaa. Nayo nyumba mpya iliyofungwa kufuli mwaka mzima inakalika vizuri kabisa, ila haikaliwi. Kiswahili kimetutenganishia mambo haya kwa kauli za vitenzi: kukalika ni kauli ya kutendeka, kukaliwa ni kauli ya kutendwa. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea kila kinapotoka kichwa cha habari kwamba "dunia ya pili" imepatikana.

Wanaastronomia wakisema sayari imo katika ukanda unaokalika, wanazungumzia umbali wake kutoka kwa nyota yake. Ukanda huo ni eneo linaloizunguka nyota kama pete, ambamo sayari yenye hewa ya kufaa ingeweza kuwa na maji ya kimiminika juu ya uso wake. Ukisogea ndani zaidi, maji yanageuka mvuke. Ukitoka nje zaidi, yanaganda. Maji yamefanywa kipimo kwa sababu kila kiumbe tunachokijua, kuanzia bakteria hadi nyangumi, hakiwezi kuendesha uhai wake bila maji. Lakini soma tena: "yenye hewa ya kufaa", "ingeweza". Maneno hayo yamebeba mzigo mkubwa kuliko umbali wenyewe, na majirani zetu wawili wanaonyesha kwa nini.

Zuhura, ile inayong'aa sana jioni baada ya jua kuzama au alfajiri kabla halijachomoza, inakaribia kulingana na Dunia kwa ukubwa: kipenyo chake ni kilomita 12,104, chetu ni 12,742. Iko kilomita milioni 108 kutoka kwa Jua, sisi tuko milioni 150. Uso wake una joto la nyuzi 465 za selsiasi, madini ya risasi yanayeyuka pale, na hewa yake inakandamiza mara 90 hivi kuliko yetu. Wengi hudhani sababu ni ukaribu tu. Kinachonishangaza kila nikifikiria ni kwamba mawingu ya Zuhura hurudisha angani takriban robo tatu ya mwanga unaoifikia, kiasi kwamba sayari hiyo inafyonza nishati ndogo ya Jua kwa kila mita ya mraba kuliko Dunia. Kinachoiunguza ni hewa. Asilimia 96 ya hewa hiyo ni hewa ukaa, ambayo hupitisha mwanga wa Jua na kuzuia joto lisitoke, mfano wa mabanda ya plastiki wanamokuzia maua kule Naivasha. Ukaribu wake na Jua huenda ndio ulioanzisha balaa: maji yaligeuka mvuke, mvuke nao ukazuia joto zaidi, joto likazidi kuvukiza, hadi hapakubaki bahari.

Sisi wenyewe tunafunikwa na blanketi hilo, ila jepesi. Bila gesi zinazozuia joto, wastani wa joto la Dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 hivi juu yake. Kwa hiyo hata hapa nyumbani umbali peke yake usingetosha.

Mirihi ni kisa cha upande wa pili. Kwa mahesabu yanayotumika sana leo, imo ndani ya ukanda wa Jua letu. Siku yake ni ya saa 24 na dakika 40 hivi, inakaribia sana yetu. Tatizo lake ni udogo: kipenyo chake ni nusu ya cha Dunia, na nguvu yake ya mvutano ni asilimia 38 ya yetu. Sayari ndogo hupoa mapema hadi moyoni. Mirihi ikapoteza ugasumaku, yaani nguvu za sumaku zilizoizunguka na kuikinga, na chembe zinazotoka kwenye Jua zikaanza kuikwangua hewa yake. Iliyobaki haifiki asilimia 1 ya kanieneo ya hewa yetu. Waliopanda Kilimanjaro wanajua maana yake: kileleni Uhuru, mita 5,895, maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza ni pungufu. Kule Mirihi hali hiyo imezidi kabisa, maji ukiyamwaga juani yatachemka na kuganda kwa wakati mmoja. Na bado gari la utafiti la Perseverance lilitua Februari 2021 katika shimo la Jezero, ambamo zamani mto uliingia ziwani na kuacha delta ya matope. Mirihi ilikalika, au ilikaribia sana kukalika, zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Ukalikaji huisha.

Nje ya mfumo wetu wa Jua zimekwisha kuthibitishwa sayari zaidi ya 6,000. Mojawapo ina jina linalotoka kwetu. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliridhia majina ya Kimaa yaliyopendekezwa na kikundi cha Wakenya: nyota GJ 1214 ikaitwa Orkaria, udongo mwekundu wa kujipaka, na sayari yake ikaitwa Enaiposha, maji mengi yanayoyumba kwa mawimbi na upepo. Ni neno lile lile lililozaa jina la Naivasha. Wamechagua vizuri mno. Nyota yenyewe ni kibete nyekundu, yaani nyota ndogo yenye mwanga hafifu, na sayari iligunduliwa mwaka 2009 kwa darubini ndogo za sentimita 40 huko Arizona: kila inapopita mbele ya nyota yake, mwanga unapungua kwa zaidi ya asilimia 1. Dunia ikipita mbele ya Jua, mtazamaji wa mbali angeona upungufu wa asilimia 0.008 tu.

Kupungua huko kwa mwanga kunatoa kipenyo, karibu mara 2.7 ya Dunia. Kuyumba kwa nyota, inayovutwa na sayari hiyo, kunatoa uzito, mara 8 hivi. Ukigawanya uzito kwa ujazo unapata kitu chepesi mno kuwa mwamba mtupu, kwa hiyo ndani yake kuna maji mengi, au gesi nyingi, au vyote viwili. Je, inakalika? Orkaria ina mwanga hafifu kabisa, haifiki hata asilimia 1 ya ule wa Jua, na ukanda wake uko karibu nayo sana. Lakini Enaiposha iko karibu zaidi: inaizunguka kwa saa 38 tu, na kupokea nishati zaidi ya mara 15 ya tunayopokea sisi. Darubini ya anga ya James Webb ilipima upande wa mchana ikapata nyuzi 280 hivi, na upande wa usiku nyuzi 165, chini ya ukungu mzito unaoakisi mwanga. Maji yawepo au yasiwepo, hapakaliki.

Sayari ya Proxima b, iliyotangazwa mwaka 2016, imo ndani ya ukanda wa nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua, umbali ambao mwanga husafiri kwa miaka 4.2. Ndiyo maana imeandikwa sana. Lakini nyota yake hutoa milipuko ya mwanga mkali mara kwa mara, na sayari haijaonekana ikipita mbele yake, hivyo njia ya kuchunguza hewa kwa mwanga unaopenya pembeni mwa sayari haisaidii. Mtu akikwambia inakalika, muulize hewa yake aliipima nani.

Tena ukanda unaacha nje mahali penye maji. Mwezi wa Zohali uitwao Enceladus, wenye upana wa kilomita 500 tu, hurusha mvuke na barafu kutoka bahari iliyo chini ya ganda lake. Chombo cha Cassini kilipita katikati ya michirizi hiyo. Europa, mwezi wa Mshtarii, nao una dalili nzito za bahari chini ya barafu. Joto lao halitoki kwa Jua, linatoka kwenye mvutano wa sayari mama unaowakanda bila kukoma. Oktoba 2024 Marekani ilirusha chombo cha Europa Clipper, kitakachofika huko mwaka 2030. Hakikubeba vifaa vya kutafuta viumbe. Kazi kiliyopewa ni kupima kama chini ya barafu ile panakalika.