Kumuenzi Mwanamichezo wa Mwaka wa Mwisho Aliyekosa Msimu Wake

Mimi ni kocha wa riadha katika shule ya sekondari jimboni Iowa, Marekani. Wazazi wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakiwa wametoka Kongo na Burundi kupitia kambi za Tanzania, huniuliza mara kwa mara kwa nini shule za huku hulipatia uzito mkubwa tukio la kuwaaga wanamichezo wa mwaka wa nne, na kwa nini makocha bado tunauzungumzia mwaka 2020, mwaka ambao janga la UVIKO-19 lilifuta misimu ya michezo, kana kwamba kuna deni ambalo halijalipwa. Naamini deni lipo. Vijana wa mwaka ule walipewa zawadi nyingi, na watu wengi walijitahidi kwa moyo safi, lakini kati ya yote yaliyofanyika ni machache yaliyogusa kile hasa walichokuwa wamepoteza.

Sekondari ya Marekani huchukua miaka minne, na katika miji midogo timu ya shule ndiyo timu ya mji mzima. Katika mashindano ya mwisho ya nyumbani, kila mwanafunzi wa mwaka wa nne huingia uwanjani akiwa katikati ya wazazi wake au wale waliomlea. Mtangazaji husoma jina lake, miaka aliyoitumikia timu, na anachokusudia kufanya baada ya kuhitimu. Mama hukabidhiwa ua, picha hupigwa, na mchezo huanza. Sherehe yote humalizika kwa dakika chache. Uzito wake unatokana na ukweli kwamba wanaoendelea kuchezea timu za vyuo ni takriban asilimia 7 tu ya wanamichezo wa sekondari, na waliobaki hawatavaa tena sare ya timu ya aina ile maishani mwao. Anayeagwa usiku ule kwa kawaida si nyota anayeelekea kwenye umaarufu, bali ni kijana anayefunga ukurasa, na mji unakuja kushuhudia kwamba ukurasa huo ulikuwapo.

Kwa familia za wageni kuna jambo jingine ambalo wenyeji hawalioni kwa urahisi. Mzazi anayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani anaweza kupita miaka mitatu bila kumwona mtoto wake akikimbia hata mara moja. Ile sherehe ndiyo siku anayoomba ruhusa kazini, akavaa kitenge chake kizuri, akasikia jina la ukoo wake likitajwa kwenye kipaza sauti mbele ya watu ambao hadi hapo walimfahamu kama mfanyakazi tu.

Tarehe 12 Machi 2020, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini, kilifuta mashindano yote yaliyosalia ya majira ya baridi na ya kuchipua. Majimbo kadhaa yalisimamisha mashindano ya sekondari ya mpira wa kikapu yakiwa katikati, huku timu nyingine zikiwa tayari hotelini. Hapa Iowa shule zilifungwa kwanza kwa wiki nne, halafu tarehe 17 Aprili ikatangazwa kwamba hazitafunguliwa tena mwaka huo wa masomo, na msimu wa riadha ukafutwa siku hiyo hiyo. Tulikuwa tumeanza mazoezi tangu Februari. Vijana walikuwa wamekwisha kukimbia kilomita za baridi, zile zisizo na mtazamaji, na kilichokatwa ni ile sehemu ambayo kilomita hizo zilikuwa zinaiandaa: mashindano ya Drake Relays ya mwezi Aprili, yaliyoanza mwaka 1910, ambako mwanafunzi wa sekondari anaweza kukimbia mchana mmoja na mabingwa wa Olimpiki, na mashindano ya jimbo ya mwezi Mei, ambayo hufanyika kwenye uwanja ule ule mjini Des Moines, wenye njia za rangi ya buluu ambazo kila mtoto wa Iowa anayekimbia anazijua.

Riadha iliumia kwa namna yake. Iowa ni jimbo la mbio za kupokezana. Tunazo hata mbio za kupokezana za kuruka viunzi, ambamo wakimbiaji wanne hukimbia kwenda na kurudi katika njia zinazopakana, mmoja akianza pale mwenzake anapofika, na ni majimbo machache yanayozishindania. Mashindano ya namna hii hutegemea kijana ambaye jina lake haliandikwi gazetini. Mkimbiaji wa kipande cha pili anaweza kuitumikia timu kwa miaka minne bila kuwa na matokeo hata moja yaliyo yake peke yake, na kitu pekee kinachothibitisha kazi yake ni macho ya waliokuwapo. Msimu ukifutwa, ushahidi wake unapotea kabisa, wakati bingwa wa mita 400 bado ana muda wake wa mwaka uliotangulia. Vilevile walikuwapo wale waliochelewa kuanza. Kijana aliyefika Marekani akiwa na umri wa miaka kumi na sita, akatumia mwaka wa kwanza kujifunza lugha na wa pili kusaidia nyumbani, akajiunga na timu mwaka wa mwisho, alikuwa na msimu mmoja tu wa kupoteza, akaupoteza.

Jibu lililoenea kuliko yote lilikuwa taa. Wazo hilo lilianzia Dumas, mji mdogo wa kaskazini mwa Texas, likasambaa katika maelfu ya viwanja: kuwasha taa za uwanja mtupu saa 2:20 usiku, ambayo katika mfumo wa saa ishirini na nne huandikwa 20:20, na kuziacha zikiwaka kwa dakika ishirini, wengine wakiongeza sekunde ishirini, kwa heshima ya wahitimu wa mwaka 2020. Familia zilikuja na magari, zikakaa ndani yake kandokando ya uzio, zikapiga honi. Sitaki kulidharau jambo hilo. Lilikuwa jepesi kuandaa, halikumhatarisha mtu, na katika majuma ambayo watu hawakuruhusiwa kukusanyika lilikuwa njia ya mji kuwaambia vijana wake kwamba haujawasahau. Hata hivyo taa humulika wote kwa pamoja. Ziliwaenzi wahitimu kama kundi, na sherehe iliyopotea haikuwa ya kundi. Ilikuwa ya kila mmoja kwa jina lake. Nasema hivyo pia kuhusu mabango yenye picha yaliyotundikwa kwenye nguzo za barabara kuu, na vibao vilivyochomekwa mbele ya nyumba. Picha ilimwonyesha kijana akiwa na sare, lakini haikusema alichokifanya akiwa ndani ya sare hiyo.

Kwa hiyo nilichokishika, na ninachowashauri makocha wenzangu hadi leo, ni ushuhuda. Kila mwanafunzi wa mwaka wa nne aandikiwe ukurasa mmoja na mtu aliyekuwa uwanjani, ukiwa na mambo ambayo ni yake pekee: muda wake wa kwanza kabisa kurekodiwa na muda wake bora, kipande alichokimbia katika mbio za kupokezana na jinsi alivyompokeza mwenzake kijiti, siku aliyomsubiri mkimbiaji wa mwisho wa shule nyingine ili amshike mkono, jeraha alilolivumilia, mdogo wake kitimu aliyemfundisha kutumia vibao vya kuanzia. Mwenye msimu mmoja tu usiokuwapo naye ana ukurasa, kwa sababu alikuja mazoezini Februari katika baridi ya chini ya sifuri, na hilo lina shahidi. Sifa za jumla, kwamba alikuwa na bidii na alipendwa na wote, zinafaa kuachwa, maana kijana huzitambua mara moja kama maneno ambayo yangeweza kusemwa juu ya yeyote.

Ukurasa huo husomwa kwa sauti, mbele ya waliomlea, na katika lugha wanayoielewa. Majira yale ya kuchipua tuliusoma tukiwa tumesimama nje, kwenye lango au chini ya ngazi, kwa umbali uliotakiwa, kwanza kwa Kiingereza kwa ajili ya wachezaji wenzake waliokuwa wakisikiliza kwa simu, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya nyumba. Nilishangazwa na tofauti iliyoletwa na usomaji wa pili. Baba aliyekuwa akitikisa kichwa kwa adabu wakati wa Kiingereza alianza kuuliza maswali: mbio hizo ni za urefu gani, kwa nini wanne, kijiti kikianguka inakuwaje. Palikuwa pia na hofu ambayo haikuhusiana na michezo hata kidogo. Mwezi ule wa Aprili kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe mjini Waterloo kilisimamisha kazi baada ya maambukizi kuenea miongoni mwa wafanyakazi wake, ambao baadhi yao ni Wakongo, na katika sehemu nyingi za jimbo wazazi wa wanamichezo wetu walikuwa wakienda kwenye kazi za namna hiyo kila siku. Kijana aliyekuwa akilea wadogo zake huku mama akiwa amejitenga chumbani hakuwa na nafasi ya kuomboleza msimu wa riadha, na wengi wao walisema waziwazi kwamba wanaona aibu kusikitikia jambo dogo. Ilitupasa tuwaambie kwamba huzuni ndogo nayo ina haki yake, na kwamba kuisikitikia hakumpunguzii mgonjwa chochote.

Mfano bora wa kuwaenzi wahitimu niliouona mwaka ule haukutoka kwenye riadha. Iowa ndilo jimbo pekee ambako besiboli na softiboli za sekondari huchezwa majira ya joto, na kwa sababu hiyo michezo hiyo miwili ilipona. Mazoezi yaliruhusiwa kuanzia tarehe 1 Juni, mechi zikaanza tarehe 15 Juni, na Iowa likawa jimbo la kwanza nchini kurudisha michezo rasmi ya sekondari. Vijana waliokwisha kuhitimu walivaa tena sare ya shule yao na kucheza hadi mashindano ya jimbo mwezi Julai. Zilikuwapo timu zilizolazimika kusimama kwa sababu ya maambukizi, na najua kwamba watu wenye akili timamu walitofautiana kuhusu uamuzi wenyewe. Lakini kwa upande wa heshima hapakuwa na swali: mwanamichezo huheshimiwa zaidi kwa kupewa nafasi ya kucheza kuliko kwa kitu chochote anachopewa badala yake. Huko New Jersey, ambako msimu wa besiboli ulifutwa, makocha walijipanga wenyewe wakaandaa mashindano ya Julai kwa ajili ya wahitimu, na zaidi ya timu 200 zikajiandikisha. Kwa msingi huo huo, mahali ambapo uwanja unaweza kufunguliwa hata kwa asubuhi moja, kocha wa riadha apime mbio. Mkimbiaji mmoja, kisha njia moja iachwe wazi, saa ya mkononi, na mtu wa kuandika. Matokeo hayo si rasmi, lakini ni ya kweli.

Mwaka wa masomo uliofuata ulitufundisha jambo dogo lenye manufaa makubwa. Illinois na California ziliahirisha futiboli yao ya Kimarekani hadi mwaka 2021, na kwingineko msimu ulianza bila yeyote kujua kama ungefika mwisho. Makocha wengi wakahamisha sherehe ya wahitimu kutoka mechi ya mwisho ya nyumbani hadi ile ya kwanza. Wapo waliolalamika kwamba inaondoa hisia za kuaga. Mimi naona ilipaswa kuwa hivyo siku zote, kwa kuwa kijana anayesifiwa mwanzoni huuchukua msimu uliobaki akijua kwamba kazi yake imeonekana.

Lipo pia suala la vyuo, na hapa heshima inageuka kuwa kazi ya ofisini. Tarehe 30 Machi 2020 NCAA iliwaongezea mwaka mmoja wa kushiriki wanamichezo wa vyuo waliopoteza msimu wa majira ya kuchipua. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kwao, lakini ulizijaza timu, na nafasi walizokuwa wakizitazamia vijana wa sekondari zikapungua. Zaidi ya hayo, makocha wa vyuo vikubwa walizuiwa kukutana ana kwa ana na wanafunzi wa sekondari hadi mwanzoni mwa Juni 2021. Mrukaji ambaye angefikia kiwango chake mwezi Mei 2020 hakuwa na namba ya kuonyesha. Kocha anayetaka kumuenzi huyo humwandikia barua, humtafutia video, huwapigia simu makocha wa vyuo vya miaka miwili kama Iowa Central kilichoko Fort Dodge, na huieleza familia kwa subira kwamba vyuo vidogo vya daraja la tatu la NCAA havitoi ufadhili wa michezo lakini vina misaada mingine ya masomo. Saa moja ya kazi hiyo ina thamani kuliko kibao mbele ya nyumba.

Limebaki suala la kumbukumbu. Katika korido za shule nyingi kuna ubao wa rekodi na orodha ya timu mwaka kwa mwaka, na nimeona mbao ambazo zinatoka 2019 na kuruka moja kwa moja hadi 2021. Hilo si sahihi. Timu ya 2020 ilikuwapo: ilisajiliwa, ilifanya mazoezi, ilikuwa na manahodha. Mstari wa mwaka huo unapaswa kuwa na majina ya wanafunzi wote wa mwaka wa nne, pamoja na tukio ambalo kila mmoja alikuwa akijiandaa nalo, na mahali pa matokeo paandikwe kwamba msimu ulifutwa. Mzazi ambaye kijana wake alihitimu mwaka ule bado anaweza kwenda kwa mkurugenzi wa michezo wa shule na kuomba mstari huo uwekwe. Aende na jina lililoandikwa kwa herufi sahihi, kwa sababu majina yetu hukosewa mara nyingi, na aombe kuonyeshwa maandishi kabla hayajachongwa.