Babu Alifungwa Enzi za Mkoloni: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Majalada ya Kesi

Koo nyingi za Kenya na Tanzania zina mtu mmoja ambaye habari zake hukatizwa watoto wakiingia. Alifungwa. Nani alimfunga, kwa kosa gani, alitoka lini, hakuna anayesema. Siku hizi wajukuu wanakwenda kumtafuta kwenye nyaraka za serikali, na ni jambo la kupongezwa. Tatizo ni kwamba wengi wao huenda wakiwa wameshatoa hukumu.

"Alifungwa, kwa hiyo alikuwa mhalifu."

Dhana hii imewaaibisha watu wengi wasio na hatia. Kabla ya kumsoma babu, isome kwanza sheria iliyomfunga. Kenya ya mkoloni ilikuwa na makosa mengi ambayo leo si makosa kabisa. Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1901 na kodi ya kichwa ikaongezwa 1910. Asiyekuwa na fedha ya kulipa aliweza kuishia kifungoni. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 ilifanya kuacha kazi ya mzungu kabla ya mkataba kwisha kuwa jinai.

Kisha kikaja kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha Mwafrika. Sheria yake ilitungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Karatasi iliyokuwamo ilionyesha jina, kabila, anakotoka, alama za vidole, na waajiri mmoja baada ya mwingine: siku ya kuanza kazi, mshahara, siku ya kuachishwa, sahihi ya mwenye shamba. Sahihi hiyo ya mwisho ikikosekana, mtu aliitwa mtoro na kusakwa na polisi. Kwa hiyo kijana aliyekimbia shamba kwa sababu hakulipwa mshahara, au alichapwa, anaonekana kwenye daftari la mahakama kama mstari mmoja tu: utoro, faini au kifungo. Kichapo hakikuandikwa. Serikali yenyewe ilijua kwamba hawa si wezi, ndiyo maana mwaka 1925 ilitunga sheria ya kambi maalumu za kuwaweka wenye makosa madogo ya aina hii, mbali na wafungwa wa kawaida.

Tanganyika ya Wajerumani nayo ilikuwa na hamsa ishirini. Viboko 25 ndivyo vilivyowekwa kisheria kuwa kikomo kwa mkupuo mmoja, na vilitolewa hata kwa mfanyakazi aliyeonekana mvivu. Ukikuta jina la mzee wako katika kumbukumbu za adhabu za wakati huo, usikimbilie kumwonea haya.

"Basi kila aliyefungwa na mkoloni alikuwa shujaa."

Hapa ndipo wajukuu wenye mapenzi mema huteleza, na nawaelewa. Lakini aliyemuua mkewe mwaka 1936 alimuua mkewe, hata kama hakimu wake alikuwa DC (mkuu wa wilaya) wa Kiingereza. Marehemu naye ana ndugu ambao pengine bado wanaishi ng'ambo ya mto, na wao pia wamerithi hadithi yao.

Hata kesi za wakati wa Mau Mau haziko sawa. Kati ya 1952 na 1958 Waingereza waliwanyonga watu 1,090 kwa makosa yaliyohusishwa na vita hivyo. Waliopatikana na hatia ya kuua walikuwa 346 tu. Wengine 472 walinyongwa kwa kukutwa na silaha au risasi, 210 kwa kuandamana na wapiganaji, na 62 kwa kuwalisha watu kiapo cha Mau Mau. Soma takwimu hizo polepole. Theluthi mbili hivi ya waliopanda kitanzini hawakushitakiwa kwa kuua mtu.

Ila pia kulikuwa na Lari, huko Kiambu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, familia za wenyeji waliounga mkono serikali zilichomewa ndani ya nyumba zao, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwa waliokufa, na kisha kisasi kikaua wengine wengi. Nyuma ya mauaji yale kulikuwa na ugomvi wa ardhi wa miaka mingi, na waliotoa ushahidi mahakamani walikuwa majirani. Anayefungua jalada la kesi ya namna hiyo akitafuta shujaa au shetani atasoma nusu ya karatasi na kuiacha nusu nyingine.

"Alikuwa kizuizini, maana yake mahakama ilimtia hatiani."

Hapana. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, makumi ya maelfu waliwekwa kambini kwa amri ya serikali bila kusimama mbele ya hakimu. Katika msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, wanaume walipangwa mistari na kupitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, matundu mawili ya macho yakiwa wazi. Yeye ndiye aliyeamua nani anachukuliwa. Baadaye kambini wakagawanywa kwa rangi: weupe, wa kijivu, weusi, kulingana na serikali ilivyodhani mioyo yao imeshikilia kiapo kiasi gani. Ukiona babu ameandikwa "mweusi", hicho si cheo cha uhalifu. Mara nyingi ni kwamba alikataa kukiri.

"Karatasi zote zilichomwa."

Nyingi zilichomwa, hilo ni kweli. Kabla ya uhuru maofisa wa Kiingereza waliteketeza walichotaka kisionekane. Lakini majalada mengine yalisafirishwa hadi Uingereza na kufichwa Hanslope Park, kituo cha siri cha serikali. Serikali ya huko ilikiri kuwa nayo mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London wakidai fidia. Sasa yako Kew, London, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, chini ya alama FCO 141. Barua za kiserikali kati ya Nairobi na London ziko CO 533. Za Tanganyika, CO 691. Usisahau yaliyobaki nyumbani: hifadhi ya nyaraka za taifa iliyopo Moi Avenue jijini Nairobi ina majalada ya wilaya na ya mahakama, na ile ya Dar es Salaam ina hata ya Wajerumani. Haya ya mwisho mengine yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao Wajerumani wengi wa leo wenyewe hawausomi, kwa hiyo tafuta mtu aliyejifunza kuusoma kabla ya kukata tamaa.

"Kuna damu ya wizi katika ukoo wetu."

Hakuna damu ya namna hiyo. Kuna umaskini, kuna ardhi iliyochukuliwa, kuna hasira, na kuna mtu mmoja aliyetenda jambo siku moja.

"Jina lake halimo, kwa hiyo hakufungwa."

Karani aliandika alichosikia. Jina moja la Kikuyu au Kijaluo linaweza kuonekana kwa tahajia tatu ndani ya jalada lilelile, na jina la ubatizo, ambalo ndilo familia inalolikumbuka, huenda lisiwemo kabisa. Tafuta kwa jina la baba yake likitanguliwa na "wa", "arap" au "bin", pamoja na lokesheni (eneo lililokuwa chini ya chifu) na jina la chifu wa wakati huo. Mwaka nao usiubahatishe. Waulize wazee alitahiriwa na rika gani. Kwa Wakikuyu kila rika lilipewa jina kutokana na tukio la wakati wake, na ukilijua utapata mwaka wa kuanzia. Uliza pia alikuwa akifanya kazi wapi, kwa maana mtoro alishitakiwa kwenye wilaya ya shamba alilolitoroka, na jalada lake litakuwa Nakuru au Thika, mbali na kijiji ambacho umekuwa ukikitafutia.