Saratani ya Unyayo: Maswali na Majibu Kuhusu Jeni na Dawa Zinazozilenga

Swali: Je, saratani ya ngozi inatuhusu sisi watu weusi wa Uganda?

Jibu: Inatuhusu. Weusi wa ngozi hutukinga kwa kiasi kikubwa na madhara ya jua, lakini melanoma, ambayo ni aina hatari sana, humpata mtu mweusi hasa kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halifiki sana. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ugonjwa wake ulianzia kwenye kidole cha mguu. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua huwadhuru moja kwa moja, hupata zaidi saratani za aina nyingine, usoni, masikioni na shingoni.

Swali: Jeni zinahusikaje?

Jibu: Karibu kila seli ya mwili hubeba jeni zilezile, ila baadhi huamshwa na nyingine hunyamazishwa kulingana na kazi ya seli hiyo. Katika melanoma utaratibu huo huvurugika: jeni ya CDKN2A, inayozuia seli kugawanyika ovyo, mara nyingi hupotea au hunyamazishwa, ilhali CCND1, inayohimiza mgawanyiko, huweza kupita kiwango chake. Kasoro ya BRAF, jeni inayotoa ishara ya seli kukua, iliyotambuliwa mwaka 2002, hupatikana katika takriban nusu ya melanoma za ngozi kwa watu wa asili ya Ulaya, lakini ni haba zaidi katika melanoma ya unyayo, ambako kasoro za KIT, jeni nyingine ya ukuaji wa seli, huonekana mara nyingi zaidi kuliko katika melanoma za sehemu nyingine za ngozi.

Swali: Tofauti hiyo inabadilisha nini katika matibabu?

Jibu: Inabadilisha mengi. Vemurafenibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huzuia protini ya BRAF yenye kasoro, na kwa mgonjwa asiye na kasoro hiyo inaweza hata kuchochea seli za saratani. Mwenye kasoro ya KIT huenda akanufaika na imatinibu, dawa iliyozoeleka katika saratani ya damu. Ndiyo maana kipande cha uvimbe kinapaswa kupimwa jeni kabla ya kuchagua dawa hizi, ambazo bei yake, kwa masikitiko, inazishinda familia nyingi. Hata dawa ikilingana na jeni, baada ya miezi kadhaa baadhi ya seli hupunguza utendaji wa MITF, jeni inayoongoza seli za rangi ya ngozi, huongeza ule wa AXL, jeni inayosaidia seli kuendelea kuishi, na dawa hushindwa. Kwa hiyo dawa za BRAF siku hizi hutolewa pamoja na nyingine, kama trametinibu, inayozuia protini ya MEK, ambayo hupokea ishara kutoka kwa BRAF.

Swali: Nikiona doa jeusi unyayoni nifanye nini?

Jibu: Usilikwangue wala kulipaka mitishamba. Wengi hudhani ni alama ya mwiba, wakafika hospitali mitoki ya kinena imekwisha kuvimba. Doa linalotanuka lenye kingo zisizo sawa, au kidonda cha kisigino kisichopona, lionyeshwe kwenye kituo cha afya, nawe uombe rufaa. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, hupokea wagonjwa hao. Mistari myeusi kwenye kucha nyingi ni jambo la kawaida kwetu, lakini mstari wa ukucha mmoja unaozidi kupanuka unahitaji kuchunguzwa. Melanoma ikikatwa ingali nyembamba, mara nyingi upasuaji peke yake hutosha.