Je, wajua kwa nini msomaji humgombeza mtu wa katuni?

Kwenye baraza za Mombasa, iwe Kibokoni au Majengo, gazeti moja husomwa na watu wengi. Ukurasa wa siasa hupita kwa kuguna, wa michezo huzua ubishi. Ikifika zamu ya katuni, mtu huanza kusema na karatasi: "Yakhe, huyu hana haya! Jana si alikatazwa?" Anayegombezwa ni mistari ya wino, na anayegomba ni mzee mwenye akili zake timamu. Imekuwaje?

Jibu la kwanza limo katika nafasi nyeupe iliyo kati ya kisanduku kimoja cha picha na kingine. Mchoraji hachori tukio zima. Hapa bwana ananyatia sufuria ya mchuzi mkewe akiwa uani; pale yumo mbioni, kofia imemtoka kichwani. Yaliyotokea katikati hayakuchorwa popote. Ni msomaji aliyemfumania, akampa mke mwiko mkononi, akasikia na ukelele. Scott McCloud, mchoraji wa Marekani aliyeeleza kwa undani mwaka 1993 namna hadithi za picha zinavyofanya kazi, aliona pengo hilo kuwa ndiyo roho ya sanaa yenyewe. Kila msomaji hulijaza kwa vitu vya kwao: wa Mombasa atatia kichochoro cha Mji wa Kale, kikoi kinachotaka kufunguka, jirani anayechungulia dirishani. Basi akicheka au akikasirika, anafanya hivyo juu ya kisa ambacho nusu yake amekitunga mwenyewe.

McCloud alionyesha pia kwamba wepesi wa mchoro husaidia. Picha ya kamera hukuonyesha uso wa mtu fulani. Uso wenye nukta mbili na mstari wa mdomo waweza kuwa wa shemeji yako, au wako.

Halafu kuna kimya. Tazama katuni nzuri za visanduku vinne, na mara nyingi utakuta kimoja, cha tatu hasa, hakina neno; watu wanatazamana tu. Msimulizi hodari wa visa vya Abunuwasi hufanya vivyo hivyo: akikaribia penyewe hunyamaza kidogo, akawaacha wasikilizaji wamtangulie, ndipo akawageuzia. Mchoraji hana sauti ya kunyamazisha, kwa hiyo hutumia kisanduku kizima.

Lakini sababu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote ni kule kuonana kila siku. Juha Kalulu, mtu wa katuni wa Edward Gitau, aliishi katika kurasa za gazeti la Taifa Leo kwa miongo mingi. Mtoto aliyemjua kwa kuchungulia gazeti la babake alikuja kumsoma akiwa na gazeti lake mwenyewe. Charles Schulz wa Marekani, aliyeanzisha katuni ya Peanuts tarehe 2 Oktoba 1950, alichora katuni 17,897 hadi ya mwisho iliyochapishwa tarehe 13 Februari 2000, siku moja baada ya kufa kwake. Ni ndugu wangapi tunaowaona mara zote hizo? Sekunde chache kila asubuhi, kwa miaka, hujenga ujuani ambao akili haiutofautishi sana na ule wa jirani.

Ndiyo maana kifo cha katuni huuma. Lynn Johnston wa Kanada alichora For Better or For Worse, katuni ya familia ambayo watu wake walikuwa wakizeeka sawa na wasomaji. Mwaka 1995 mbwa wao, Farley, alimwokoa mtoto mtoni kisha akafa. Mchoraji alipokea barua nyingi sana, nyingine za machozi, nyingine za hasira tupu. Watu walikuwa wamefiwa, na mimi siwalaumu.

Kisa cha New York ndicho hunigusa zaidi. Julai 1945 wasambazaji wa magazeti waligoma, na Meya Fiorello La Guardia akaingia studio ya redio na kuwasomea watoto katuni, akiigiza sauti na kueleza kilichomo kwenye picha. Meya mzima wa jiji! Wakati wa mgomo huo mtafiti Bernard Berelson aliwahoji wasomaji, na wengi walisema wanakosa habari nzito. Walipobanwa wataje ni habari gani hasa, wachache waliweza. Kilichowaliza zaidi ni kukatika kwa mazoea yenyewe ya kusoma. Mhariri anayeitoa katuni ili tangazo lipate nafasi, akidhani ni mapambo tu, anagusa mahali penyewe msomaji alipofungia mapenzi yake.

Ukitaka kuiona kazi ya lile pengo, kunja gazeti ili kisanduku cha mwisho kijifiche, kisha mpe mwenzako asome vilivyobaki na umwulize kitafuata nini. Muulize na mwingine aliyekaa mbali asiyemsikia wa kwanza. Kila mmoja atakuja na mwisho wake, na msishangae wakianza kubishana ni upi ulio bora kuliko wa mchoraji.